Mapacha Ndani ya Jani la Muhogo

Chuma jani la muhogo lenye batobato, ulitandaze kiganjani, uligeuze kwenye mwanga. Njano na kijani vimegombania nafasi humo na hakuna aliyeshinda. Kidole kimoja cha jani kimesinyaa, kingine kimejikunja kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Bibi yangu alilima chini ya milima ya Usambara, na kila alipokutana na jani la namna hiyo alitikisa kichwa akasema shina hilo halina kitu. Na kweli, ukichimbua unakuta mizizi myembamba kama vidole vya mtoto.

Bibi hakuwahi kuambiwa kilichokuwamo ndani ya jani lile. Natamani angejua. Mlikuwa na umbo ambalo halijaonekana katika jamii nyingine yoyote ya virusi inayojulikana: maganda mawili ya protini yaliyoshikana ubavu kwa ubavu, mapacha walioungana, upana wao nanomita 22 na urefu nanomita 38. Katika milimita moja ya rula wangepangika kwa mstari mapacha zaidi ya 26,000.

Virusi vikitajwa, watu hukumbuka Ukimwi, Ebola na UVIKO. Ni haki yao, maana hivyo vimetuzika. Lakini katika historia ya kutafuta sura ya virusi, rekodi kubwa zimeshikwa na vile vya mimea. Kirusi cha kwanza kutambuliwa, cha kwanza kupatikana kama fuwele, cha kwanza kuvunjwa na kuundwa upya, cha kwanza kuchorwa kwa undani unaofikia atomu: vyote hivyo vimetoka shambani, na vitatu vya mwanzo ni kirusi kilekile.

Kijiti cha tumbaku

Kirusi hicho ni cha batobato ya tumbaku. Mwaka 1886 Adolf Mayer, akiwa Wageningen nchini Uholanzi, alieleza kwamba utomvu wa mche mgonjwa wa tumbaku ukiingizwa katika mche mzima huuambukiza. Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky aliupitisha utomvu huo kwenye kichujio cha kauri kisichopitisha bakteria, na kilichochuruzika upande wa pili kilikuwa bado kinaambukiza. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck wa Delft akatamka kwamba hiki si bakteria mdogo bali ni kiambukizi cha namna nyingine kabisa. Kisha mwaka 1935 Mmarekani Wendell Stanley akakipata kirusi hicho kikiwa fuwele, kitu cha kuhifadhiwa kwenye chupa kama chumvi, ambacho ukikirudisha kwenye jani kinaanza kuzaana tena. Kwa kazi hiyo alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Nobel ya kemia mwaka 1946.

Hadi hapo hakuna jicho lililokuwa limekiona. Hadubini ya kawaida hutumia mwanga, na mwanga haushiki kitu kilicho chini ya nanomita 200 hivi. Vitu viwili vilivyokaribiana zaidi ya hapo huonekana doa moja. Elektroni zina mawimbi mafupi kuliko ya mwanga kwa maelfu ya mara. Mwaka 1931 Ernst Ruska na Max Knoll walitengeneza mjini Berlin hadubini ya kwanza iliyotumia elektroni badala ya mwanga, na sumaku badala ya lenzi za kioo. Ernst alikuwa na mdogo wake, Helmut, daktari wa tiba, ambaye hakuacha kumsukuma aelekeze chombo kile kwenye magonjwa. Mwaka 1939 Helmut Ruska, pamoja na Gustav Kausche na Edgar Pfankuch, alichapisha picha za kirusi cha batobato ya tumbaku. Zilikuwa miongoni mwa picha za kwanza za virusi kupigwa kwa hadubini hiyo.

Ukizitazama leo utaona vijiti vya kijivu juu ya weupe, basi. Lakini vijiti vile vilimaliza ubishi wa nusu karne. Kirusi kina umbo, kina mwanzo na mwisho, kinapimika: urefu nanomita 300, unene nanomita 18.

Kupima unene wa kitu kidogo hivyo hakukuwa kazi rahisi, kwa sababu picha ya elektroni ni kama kitu kilichobanwa kati ya vioo viwili. Aliyepata njia alikuwa mwanafalaki. Robley Williams alizoea kupaka madini kwenye vioo vya darubini za kutazamia nyota. Miaka ya 1940, yeye na Ralph Wyckoff walirusha mvuke wa madini kutoka pembeni juu ya sampuli yao. Upande uliozibwa na kirusi ulibaki bila madini, ukawa kivuli. Ukijua pembe na ukipima kivuli, unajua kimo, kama watoto wanavyopima mnazi kwa kivuli chake mchana. Mwaka 1955, huko Berkeley, Williams na Heinz Fraenkel-Conrat walikitenganisha kirusi cha tumbaku, protini huku na RNA kule, kisha wakavichanganya tena. Hadubini ilionyesha vijiti vimerudi, na vijiti vilipopakwa kwenye tumbaku majani yakaugua. Kati ya rekodi zote za kijiti hiki, hiyo ndiyo inayonishika zaidi. Kitu kiliundwa upya bila fundi: vipande vyenyewe vilijua pa kukaa.

Vipande hivyo tunavifahamu sasa kwa idadi. Kijiti kimoja kina nakala 2,130 za protini moja, kila nakala ina asidi amino 158, na zote zimepangwa kwa mzunguko kama ngazi ya mnara, nakala 49 kwa kila mizunguko mitatu. Uzi wa RNA wenye herufi karibu 6,400 umelazwa ndani ya mzunguko huo, umekumbatiwa na protini. Katikati kuna tundu la nanomita 4 linalopita kuanzia ncha hadi ncha. Mengi ya hayo yalipatikana kwa eksirei katika chuo cha Birkbeck, London, kwenye meza ya Rosalind Franklin, anayekumbukwa zaidi kwa DNA ingawa miaka yake ya mwisho aliipa virusi vya mimea. Kielelezo chake kikubwa cha kijiti cha tumbaku kilitayarishwa kwa maonyesho ya dunia ya Brussels ya mwaka 1958. Alifariki tarehe 16 Aprili, siku moja kabla ya maonyesho kufunguliwa. Alikuwa na miaka 37.

Mpira wa vipande 32

Aliyeipokea kazi ya Franklin alikuwa Aaron Klug, mzaliwa wa Lithuania aliyelelewa Durban, Afrika Kusini. Sydney Brenner naye alikuwa wa huko, wa Germiston. Mwaka 1959, mjini Cambridge, Brenner na Robert Horne walieleza ufundi ambao maabara zingali zinautumia. Tone la majimaji yenye virusi huwekwa juu ya kiwavu cha shaba chenye upana wa milimita 3, halafu hufuatishwa chumvi ya madini mazito. Madini hayaingii ndani ya kirusi, huzunguka tu na kujaza mabonde yake. Elektroni zinazuiwa na madini na kupita kwenye protini, kwa hiyo kirusi hutokea cheupe katikati ya giza, kama miamba ya ufukweni pale maji yanapojaa na kuizunguka bila kuifunika. Kazi ya dakika chache, na ghafla kila nundu ya ganda inahesabika.

Zikaanza kuhesabiwa. Mwaka 1960 makundi mawili ya watafiti wa Uingereza yalihesabu nundu 32 kwenye kirusi cha batobato ya njano cha tanipu. Hesabu ile ilikuwa fumbo. Umbo la pande 20 lina nafasi 60 zilizo sawa kabisa, na kirusi kile kina protini 180. Sitini zimekaa sawa. Hizo 120 nyingine zimekaaje? Mwaka 1962 Klug na Mmarekani Donald Caspar walitoa jibu: protini ileile inaweza kukaa katika mafungu ya tano na mafungu ya sita, ikijikunja kidogo tu kati ya nafasi na nafasi. Mafungu 12 ya tano na 20 ya sita, jumla 32. Shika mpira wa miguu wa zamani, ule wa ngozi nyeusi na nyeupe, uhesabu: vipande 12 vyeusi vya pembe tano, 20 vyeupe vya pembe sita.

Mkulima wa mpunga ana mpira wa namna hiyo shambani kwake. Mwaka 1966, Otonglo karibu na Kisumu, uligunduliwa ugonjwa unaougeuza mpunga kuwa wa njano na kuudumaza. Tanzania wengi huuita kimyanga. Kirusi chake hakijaonekana nje ya Afrika mpaka sasa isipokuwa visiwani karibu na bara, na hadubini inakionyesha kuwa na protini 180 zilizopangwa kwa kanuni ileile ya Caspar na Klug.

Mwaka 1970 Klug na wenzake walichukua picha bapa za kirusi cha kudumaza nyanya, pamoja na za kirusi cha sunzua za binadamu, wakazikokotoa hadi zikawa umbo kamili lenye mbele, nyuma na ubavu. Hivyo vilikuwa virusi vya kwanza vya duara kujengwa upya namna hiyo kutoka picha za elektroni. Klug alipata Nobel mwaka 1982. Kirusi hichohicho cha nyanya kilirudi kwenye vitabu mwaka 1978, Stephen Harrison na wenzake wa Harvard walipokichora kwa eksirei hadi undani wa nanomita 0.29. Huo ulikuwa mchoro wa kwanza wa kirusi chochote uliofikia kiwango cha atomu.

Kirefu na kidogo

Katika orodha ya virefu vya mimea anasimama mbele yule wa tristeza ya michungwa, uzi wa nanomita 2,000 wenye unene wa nanomita 12 tu. Ungekuwa na unene wa kamba ya katani ya sentimita moja, urefu wake ungepita mita moja na nusu. RNA yake ina herufi 19,300 hivi. Tristeza maana yake huzuni. Ndilo jina waliloupa ugonjwa huo wakulima wa Brazili na Argentina, waliopoteza michungwa kwa mamilioni kuanzia miaka ya 1930. Anayeueneza ni kidukari. Uzi wenyewe ulionekana kwa hadubini mwaka 1964, nchini Brazili. Baadaye ikadhihirika kwamba nyuzi za jamii hii hazina vazi moja: sehemu kubwa imevikwa protini moja, na ncha imevikwa nyingine, kama mkuki wenye mpini na chembe.

Nyuzi zinazopinda ni mtihani mgumu kwa hadubini, maana hakuna mbili zilizolala sawa. Ndiyo sababu kundi la virusi vya nyuzi linalosumbua mazao mengi zaidi lilikaa muda mrefu bila sura iliyo wazi. Mwaka 2017 watafiti wa Hispania walikipata kirusi cha batobato ya tikiti maji kwa undani wa nanomita 0.4: protini chini kidogo ya 9 kwa kila mzunguko. Natamani habari hiyo ingetangazwa pwani yetu kwa kipaza sauti. Kirusi hicho ni ndugu wa kile cha michirizi ya kahawia ya muhogo, ugonjwa unaoozesha mizizi ardhini huku majani yakimdanganya mwenye shamba kwamba mambo ni mazuri. Mtafiti H. H. Storey aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1936 kutoka kituo cha utafiti cha Amani, hukohuko Usambara.

Vidogo kabisa havifiki nanomita 20. Kimoja cha tumbaku kina protini 60 tu na hakiwezi kuzaana bila kirusi kikubwa cha kukibeba. Kile kinachodumaza migomba Burundi, Rwanda na Kongo, majani yakasimama kileleni kwa fungu kama ufagio, kimegawa DNA yake vipande sita, kila kipande na ganda lake.

Picha kali kuliko zote

Chumvi ya madini ina kasoro yake. Inaonyesha ngozi ya kirusi, haionyeshi ndani, na kukauka kunakibonyeza. Jibu lilitoka Heidelberg mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa Jacques Dubochet na wenzake: mgandishe kirusi ndani ya maji yake mwenyewe, haraka kiasi kwamba maji hayapati nafasi ya kuwa barafu. Kiwavu chenye utando mwembamba wa majimaji hudumbukizwa ndani ya ethani iliyopozwa kwa naitrojeni kimiminika, na maji hugeuka kioo. Miongoni mwa virusi vilivyofungua njia hiyo ni kirusi cha Semliki, kilichopatikana kwa mbu wa msitu wa Semliki nchini Uganda miaka ya 1940. Mwaka 1986 vazi lake lilichorwa kutoka picha za namna hiyo. Si cha mimea, lakini ni cha kwetu, siwezi kumpita jirani bila salamu.

Tatizo ni kwamba elektroni zinaunguza. Ukizimwaga nyingi ili upate picha safi, umeshamteketeza unayempiga picha. Inabidi zitumike chache, picha itoke na ukungu, halafu zikusanywe maelfu na kulinganishwa mpaka ukungu upotee. Kijiti cha tumbaku kinang'ara hapa kwa sababu ya ngazi yake ya mzunguko: kijiti kimoja kilicholala kinakuonyesha protini ileile kutoka pembe 49 kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana kila hadubini ilipoboreshwa, kijiti hiki kilirudishwa kupimwa upya. Mwaka 2007 undani ulifika chini ya nanomita 0.5. Mwaka 2011 ukafika 0.33. Mwaka 2019 ukafika karibu 0.2, na hapo ikaonekana kufuli yenyewe. Ndani ya ganda zipo asidi zinazosukumana, na nje ya mmea zinatulizwa na kalsiamu. Kirusi kikiingia ndani ya seli, ambako kalsiamu ni haba, utulivu huo unaondoka, zinasukumana, na ganda linaanza kufunguka. Miaka 80 tangu picha ya Helmut Ruska, kijiti kilekile.

Mapacha

Turudi kwenye jani la bibi. Batobato ya muhogo iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, na iliandikwa kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania. Ndugu yake, michirizi ya mahindi, iliandikwa Natal mwaka 1901. Storey alipokuwa Amani aligundua kwamba baadhi ya vidudu virukavyo juu ya mahindi hubeba kirusi hicho na vingine vya aina ileile haviwezi. Akachukua sindano nyembamba, akatoboa utumbo wa vile visivyoweza, na vikaweza. Kirusi kilikuwa kikikwama kwenye ukuta wa utumbo. Hebu fikiria mkono uliofanya kazi hiyo: kidudu chenyewe kina milimita chache, na bado kilitakiwa kiishi.

Mwaka 1974, K. R. Bock na E. J. Guthrie wa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, pamoja na R. D. Woods, walichapisha habari za kirusi cha michirizi ya mahindi kilichosafishwa, na hadubini ilionyesha chembe zilizokaa mbili mbili. Walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuona umbo hilo. Mwaka 1977 watafiti wa Uskoti na Kenya wakaonyesha kwamba ndani mna DNA ya uzi mmoja uliofungwa duara, jambo ambalo halikuwa limetarajiwa kwa virusi vya mimea. Sampuli zao zilikuwa mbili: mahindi yetu na muhogo wetu. Mwaka uliofuata jamii nzima ikapewa jina la pacha kwa Kilatini. Kile cha muhogo kilipewa kwanza jina la kirusi kilichojificha, kwa kuwa haikuthibitika kama ndicho kinacholeta batobato. Bock na Woods walithibitisha mwaka 1983.

Wazee wa jamii hii ni wakongwe. Shairi la Kijapani la mwaka 752, linalohusishwa na malkia Kōken, linataja mmea wa porini uliokuwa wa njano wakati wa kiangazi. Wataalamu wanaona hapo kumbukumbu ya zamani kuliko zote ya ugonjwa wa virusi vya mimea, na mmea wa aina hiyo umekutwa na kirusi pacha.

Pacha hawa wameungana vipi? Ganda kamili la namna yao lingekuwa na mafungu 12 ya protini tano tano. Kila pacha amepungukiwa na fungu moja, na pale penye pengo ndipo wanaposhikana: mafungu 11 na 11, protini 110. Mwaka 2001 michirizi ya mahindi ilichorwa ndani ya maji yaliyogeuzwa kioo, ikaonekana kiuno chake lakini si mishono. Mwaka 2018 watafiti wa Leeds na Norwich walimchora ndugu mwingine wa jamii hiyo kwa undani wa nanomita 0.33. Protini ni moja tu, na sehemu yake ya mwanzo inakaa kwa namna tatu tofauti ili ishone kiuno. Kila protini imeshika herufi 7 hivi za DNA, na pale kiunoni inazishika kwa namna nyingine kuliko penginepo.

Kirusi cha batobato ya muhogo kina jambo moja zaidi. DNA yake ni duara mbili, A na B, na kila duara lina mapacha wake wa kulibeba. A hujua kujinakili. B hujua kupita kutoka seli hadi seli. Kwa hiyo nzi mweupe anapotua kwenye jani changa lazima awe ameleta mapacha wa aina zote mbili. Bibi hakumhitaji nzi. Kila msimu alikata pingili kutoka shina lililosimama vizuri, akazifunga kwa kamba ya mgomba, akawagawia majirani, na mara nyingi mapacha wa A na wa B walikuwa wameshatangulia ndani.